Stempu adimu huzaliwa siku mambo yalipoharibika: kabla hujachoma barua za wazee, soma hapa

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Nimekuwa msomaji tu hapa jamvini kwa muda mrefu. Leo naleta jambo ambalo limekaa moyoni mwangu tangu nina miaka kumi na moja: stempu. Hizi hizi za barua, ambazo vijana wengi wa leo hawajawahi kuzilamba wala kuzibandika.

Nianze na kosa langu. Marehemu mama alikuwa na bati la biskuti alimoweka barua za mjomba. Mjomba alifanya kazi Unguja, mama yuko Tanga, na simu haikuwapo, kwa hiyo waliandikiana karibu kila mwezi. Mwaka 1986 mwalimu wetu wa jiografia alituletea darasani albamu yake ya stempu. Nilirudi nyumbani silali. Mama alipokwenda sokoni nilitoa barua zote, nikakata pembe za bahasha kwa mkasi, nikaloweka vipande kwenye beseni. Stempu zikaelea moja moja, nikazianika juu ya gazeti kivulini. Bahasha zenyewe nikawashia mkaa.

Kati ya stempu hizo zilikuwamo sita zenye sura ya Sultani, na juu yake maneno JAMHURI 1964 yamegongwa kwa mhuri wa mkono, mengine yamelala upande. Miaka zaidi ya ishirini ilipita kabla sijaelewa nilichokuwa nimekifanya. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, stempu za sherehe zikatoka zimeandikwa UHURU 1963. Tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi yakafanyika. Posta ikajikuta na ghala la stempu za Sultani ambaye hayupo tena, na barua hazingoji. Wakachukua mihuri na wino, wakaanza kugonga JAMHURI 1964 juu ya stempu za zamani, hata juu ya zile za uhuru zilizokuwa na umri wa wiki chache. Baadaye ndipo zikaja zilizochapwa neno hilo kwa mashine, limenyooka na safi.

Ile bahasha ya mjomba, yenye stempu yake, mhuri wa posta wenye tarehe na mwandiko wake, ilikuwa shahidi wa siku zile. Mimi nimebaki na vikaratasi sita visivyojua vilisafiri lini wala vilikwenda kwa nani.

Ndiyo sababu ya uzi huu. Nataka kueleza kwa nini watu huhangaikia karatasi ndogo namna hii, maana wengi hudhani stempu huwa ghali kwa sababu ni ya zamani. Sivyo. Stempu ya kwanza kabisa duniani, Penny Black ya Uingereza, ilitoka Mei 1840 na zilichapwa zaidi ya milioni 68. Hadi leo yenye kasoro kasoro unaweza kuipata kwa bei ya simu ya kawaida. Uadimu una chanzo kingine. Ukizichunguza stempu zinazotafutwa sana, nyingi zilizaliwa siku ambayo mambo hayakwenda yalivyopangwa: meli imechelewa, ghala limekauka, serikali imebadilika, fundi wa mtambo amekosea herufi. Karani wa posta akalazimika kutumia alichonacho.

Naendelea chini, mniwie radhi ni ndefu.

Mleta uzi (sehemu ya pili)

Mfano unaojulikana zaidi ni wa British Guiana, nchi tunayoiita leo Guyana, Amerika ya Kusini. Mwaka 1856 shehena ya stempu kutoka Uingereza ilichelewa. Mkuu wa posta wa Georgetown akawaomba wachapaji wa gazeti la mjini wamtengenezee za dharura. Wakamchapia za senti 4 za barua na za senti 1 za magazeti, wino mweusi juu ya karatasi ya rangi ya zambarau iliyokolea, katikati picha ya meli. Kwa kuwa zilikuwa rahisi kughushi, makarani walitakiwa kutia saini herufi za majina yao juu ya kila moja.

Ya senti 1 imejulikana moja tu duniani. Moja. Mwaka 1873 mvulana wa miaka 12, Louis Vernon Vaughan, aliikuta kwenye karatasi za nyumbani kwao. Haikumpendeza, pembe zake zimekatwa na imechafuka, akaiuza kwa shilingi sita ili anunue nyingine nzuri zaidi. Kutoka hapo ikapita mikononi mwa matajiri wa Ulaya na Marekani, na mwaka 2014 ikauzwa New York kwa dola milioni 9.48. Mwaka 2021 ikauzwa tena, safari hii kwa dola milioni 8.3 hivi.

Huwa namfikiria yule mvulana. Si kwa kumcheka, hasha. Nilikuwa na umri karibu na wake nilipoingiza barua za mama kwenye beseni, na yeye kama mimi alitafuta kilicho kizuri machoni.

Karibu na kwetu, katika bahari yetu hii hii, iko Morisi (Mauritius). Mwaka 1847 walichonga stempu zao wenyewe, ya peni 1 na ya peni 2, zikachapwa 500 za kila aina zenye maneno "Post Office". Baadhi ya hizo zilibandikwa kwenye bahasha za mialiko ya dansi ya mke wa gavana. Zinazojulikana kubaki ni 27 kwa jumla ya aina zote mbili. Mwaka 1993 benki na kampuni za huko zilichanga karibu dola milioni 2 zikanunua mbili na kuzirudisha nyumbani. Sasa zimo kwenye jumba la makumbusho la Blue Penny pale Port Louis, na huwashiwa taa dakika chache tu kila saa ili mwanga usifishe rangi. Wamorisi wamefanya jambo la maana sana. Sisi za kwetu nyingi ziko London na Berlin.

Mchangiaji kutoka Kampala

Mkuu, umeniamsha. Kwetu Uganda nimewahi kusikia habari ya stempu za kauri. Ni kweli au ni hadithi?

Mleta uzi

Ni kweli tupu, ndugu yangu, na kwangu mimi hizo ndizo stempu za ajabu kuliko zote zilizowahi kutoka Afrika Mashariki.

Mwaka 1895 Uganda ilianzisha posta ya ndani lakini hakukuwa na mtambo wa kuchapia stempu. Mmisionari mmoja wa Mengo, Ernest Millar, alikuwa na taipureta. Akaombwa azipige. Akakaa mezani, karatasi nyembamba kwenye rola, akapiga stempu safu kwa safu: herufi U na G juu, tarakimu katikati, mistari ya nukta pembeni. Basi. Hakuna picha, hakuna malkia, hakuna gundi ya kiwandani. Na tarakimu ile haikuwa senti wala "ana" (sehemu ndogo ya rupia), ilikuwa idadi ya kauri, yaani yale makombe madogo ya baharini, maana hiyo ndiyo fedha watu waliyoijua sokoni. Kauri 200 zilikuwa sawa na rupia 1. Wewe wa Kampala unajua kwamba hata leo Kiganda huita fedha ensimbi, na ensimbi ni zile zile kauri.

Wajuzi wa stempu hizo huzipambanua kwa upana wa herufi na rangi ya utepe, kwa sababu baadaye mwaka huo huo Millar alipata mashine nyingine yenye herufi nyembamba, na utepe wa urujuani. Kwa hiyo mtu anakaa London na lenzi yake akitazama kazi ya vidole vya mtu mmoja chumbani Mengo, na anajua hii imepigwa kabla na hii baada. Hapo ndipo penye utamu ambao asiyekusanya hawezi kuuona haraka. Unashika kitu chepesi kuliko jani la mchai, ndani yake mna siku nzima ya mtu.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Maneno mazuri hayo. Na sisi watu wa Pwani tuna zetu ama tumeachwa?

Mleta uzi

Hamkuachwa hata kidogo. Mombasa ilikuwa na posta ya kampuni ya Waingereza, Imperial British East Africa Company. Mwaka 1890 walianza kwa kuchukua stempu za Uingereza zenye sura ya Malkia Victoria na kuzigonga jina la kampuni. Kisha wakapata zao zenye jua na taji. Mwaka uliofuata stempu za thamani ndogo zikaisha Mombasa. Maofisa wakachukua za thamani kubwa wakaandika juu yake thamani mpya, nyingine kwa mhuri, nyingine kwa kalamu, wakatia herufi za majina yao: A.D. na V.H.M. Leo ukipata moja ya hizo, halisi, umepata kiwanja.

Zanzibar nayo. Kabla ya 1895 posta ya pale iliendeshwa kutoka India. Ilipokabidhiwa, stempu mpya hazikuwa tayari, wakachapa neno Zanzibar juu ya stempu za India, kwenye mtambo wa gazeti la serikali mjini. Mpanga herufi mahali fulani akageuza b ikawa d. Zikatoka stempu zimeandikwa "Zanzidar". Stempu ya kawaida na hii ya makosa zinatofautiana kwa herufi moja, na bei zake ni mbingu na ardhi.

Kisiwa cha Mafia kina yake ya vita. Waingereza walikiteka Januari 1915, wakakitumia kuiwinda manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha kwenye delta ya Rufiji. Stempu za Kijerumani walizozikuta pale zikagongwa G.R. MAFIA. Fikiria kisiwa kidogo kile, wavuvi na minazi, kikawa na stempu zake.

Lakini iliyonishika mimi, mtu wa Tanga, ni ya Vuga, kule Usambara. Wakati wa vita ile ile Wajerumani walizingirwa baharini, stempu zikawaishia. Mwaka 1916 wakaiomba misheni ya Vuga, iliyokuwa na mtambo wa kuchapia vitabu vya dini, iwachapie za dharura: heller 2½, heller 7½ (heller ilikuwa sarafu ndogo ya Wajerumani hapa kwetu) na rupia 1. Kabla hazijaingia kazini, Machi 1916 meli ya Wajerumani iitwayo Marie ikapenya kizuizi cha Waingereza baharini ikatia nanga Sudi, kusini mwa Lindi, na pamoja na silaha ilileta stempu. Za Vuga hazikuhitajika tena. Waingereza walipokuwa wanakaribia, zikafukiwa ardhini kwenye shamba karibu na Morogoro zisiangukie mikononi mwao. Zikafukuliwa mwaka 1921. Unyevu ulikuwa umeshakula nyingi, zilizosalia zikapelekwa Ujerumani zikauzwa kwa wakusanyaji.

Nimepita Vuga mara mbili maishani. Mara ya kwanza sikujua lolote kuhusu hili. Mara ya pili nilisimama barabarani nikatazama majengo ya misheni kwa muda mrefu mpaka kijana wa bodaboda akaniuliza kama nimepotea.

Mchangiaji kutoka Dodoma

Mkuu tuambie ukweli. Nina stempu za Tanzania kama mia tatu hivi, vipepeo, samaki, dinosauri, wanamuziki wa Marekani. Zote mpya na nzuri. Niuze wapi nipate hela?

Mleta uzi

Nitakuambia ukweli, kwa sababu wapo wanaouziana tumaini kwenye magrupu ya WhatsApp.

Samaki wa 1967 na vipepeo wa 1973 ni stempu ambazo kwa kweli zilifanya kazi. Zilibandikwa kwenye barua za shule, za kuomba kazi, za marafiki wa kalamu, zikapita S.L.P. za nchi nzima. Ni nyingi, bei yake ni ndogo, lakini ziheshimu. Wale vipepeo wengine waligongwa thamani mpya juu yake, na hao hukusanywa peke yao.

Dinosauri na wanamuziki wa miaka ya 1990 ni habari nyingine. Nyingi zilichapwa nje kwa ajili ya wakusanyaji wa nje, zikagongwa mhuri huko huko bila kupita kwenye bahasha. Geuza moja uitazame: kama ina mhuri safi pembeni na gundi yake yote ipo nyuma, haikuwahi kusafirisha barua. Ni picha nzuri, mpe mtoto aanzie hapo. Fedha hamna.

Na hata ukiwa na iliyo adimu, tahadhari. JAMHURI 1964 ya mhuri wa mkono inaghushiwa kirahisi, mhuri wa mpira na wino vinatosha. Stempu za Kenya na Uganda za mwaka 1922 zipo hadi za pauni 100, lakini hizo kubwa zilitumika kulipia kodi ya hati. Wapo walioosha wino wa kalamu uliozifuta kwenye hati wakagonga mhuri bandia wa posta, zionekane zilisafiri. Ndiyo maana stempu ya fedha nyingi haiuzwi bila cheti cha wataalamu, kama kamati ya Royal Philatelic Society London, chama kilichoanzishwa 1869. Anayekuuzia ya mamilioni kwa picha ya simu na haraka, mwache aende.

Tena naomba uelewe jambo moja. Mimi nimekusanya miaka inakaribia arobaini na sijawahi kuuza hata moja. Kinachonishika ni ile nafasi tupu kwenye albamu. Seti ina stempu kumi na nne, una kumi na tatu. Hiyo moja unaijua rangi yake, picha yake na idadi ya meno ya ukingo wake kila upande, pale ilipochanwa kwenye vitobo, lakini hujawahi kuigusa. Unaitafuta miaka tisa. Siku moja inatokea ndani ya bahasha ya risiti za mzee wa Kariakoo ambaye hata hakujua anayo. Usiku ule huwezi kula.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Basi tufundishe kutunza, maana joto la huku Pwani laharibu kila kitu.

Mleta uzi

Kweli, unyevu ni adui wetu namba moja. Unaleta ukungu na yale madoa ya rangi ya kutu yasiyotoka. Albamu isimame wima kabatini, isilazwe chini ya vitabu vizito, na iwe mbali na ukuta unaovuja. Ifungue mara kwa mara ipate hewa siku ya kiangazi, kivulini. Usishike stempu kwa vidole, jasho lina mafuta. Tumia kibano butu. Usibandike kwa gundi wala selotepu, selotepu imeua stempu nyingi kuliko mchwa. Ya kawaida iliyo kwenye kipande cha bahasha iloweke maji ya uvuguvugu mpaka iachie yenyewe, usiivute, kisha ikaushe uso ukiwa chini na uigandamize kwenye kitabu.

Hiyo ni ya kawaida tu. Bahasha nzima ya zamani, hasa ya kabla ya uhuru na ya miaka ya sitini, usiiguse kwa maji wala mkasi. Bahasha ina mhuri wa mji ilikotoka, mara nyingi nyuma ina mhuri wa mji ilikofikia, ina jina, ina njia. Kuna posta ndogo zilifungwa zamani, na mhuri wake ndio ushahidi pekee unaoonekana kwamba pale palikuwa na dirisha na karani.

Mchangiaji kutoka Unguja

Assalamu alaykum. Mie si mkusanyaji, nilikuwa napita tu. Lakini nimesoma mpaka hapa nikakumbuka mkoba wa marehemu bibi uliopo juu ya kabati. Nimeushusha sasa hivi. Mna hati za shamba, picha mbili, na barua nne. Moja ina stempu yenye neno JAMHURI limegongwa, limeinama kidogo. Nifanyeje?

Mleta uzi

Waalaykum salaam, dada au kaka yangu. Mikono yangu inatetemeka ninapoandika.

Usiibandue. Usiikunje wala usiipige pasi. Osha mikono, ikaushe vizuri, ipige picha mbele na nyuma mchana karibu na dirisha, bila tochi ya simu. Kisha soma mhuri wa posta: jina la mji, tarehe, mwezi, mwaka. Neno JAMHURI lenyewe ni jeusi? Kingo zake ni sawasawa kama chapa, au wino umejaa upande mmoja kuliko mwingine? Ukimaliza iweke kwenye bahasha nyingine kubwa, safi, isiyo ya plastiki.

Na kama familia haitaki kuuza, msishawishiwe na mtu yeyote, mimi nikiwa mmojawapo.

Mchangiaji kutoka Unguja

Wino umejaa upande wa kushoto, kulia umefifia. Mhuri wa posta ni wa Wete, Pemba. Tarehe ni 24, mwezi ni kama FE, mwaka 64. Barua imo ndani, mwandiko wa kalamu ya buluu. Nimeisoma. Ni ndugu yake bibi anamwambia watoto wote wazima, asiwe na wasiwasi, na amletee kitambaa cha kanga ile aliyoiona mara ya mwisho.

Kanga yenyewe ndiyo iliyofungiwa hizi barua. Nimevirudisha vyote kama vilivyokuwa.